Mume Mdogo wa Bibi

Usiku wa tarehe 9 Juni mwanangu wa pili aligoma. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu, miguu peku kwenye sakafu ya saruji, ameukumbatia mto wake, akasema kitanda kile ni chake. Ana miaka mitatu na miezi miwili. Kitandani mama yake alikuwa amelala ubavu, na kifuani pake alikuwepo binti yetu wa siku tano, kofia kichwani, soksi miguuni, kanga mbili mwilini, uso tu ndio unaoonekana. Kaka mtu, anayekaribia miaka minane, alikuwa ameshavuka uwanja zamani, blanketi kichwani kama mzee anayekwenda msibani. Yeye aliyapitia hayo mwaka 2022, mdogo wake huyu alipozaliwa.

Sikumlazimisha. Nilichuchumaa tu tukawa tunatazamana. Ndipo sauti ya mama yangu ikatoka ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba yake ndogo: "Mume wangu! Baridi yote hii unaniachia peke yangu?" Mtoto akatega sikio. "Haya, basi nitaolewa na kaka yako." Mto ukavuka uwanja ukiburutwa vumbini. Kutoka mlango wangu hadi wa mama ni hatua 26 za mtu mzima. Zake sikuwahi kuzihesabu, maana alikimbia.

Sisi hapa Sibwesa hatuna mazoea ya kusema kipupwe. Neno hilo nililikuta shuleni na kwenye redio. Tunasema baridi ya mwezi wa sita, ingawa yenyewe hung'ata zaidi mwezi wa saba. Mvua zimeshakatika, mbingu haina wingu, na joto lote la mchana hupaa usiku bila kuzuiwa na kitu. Asubuhi moshi wa majani yaliyochomwa hulala chini juu ya mashamba ya mihogo, na watoto hujipanga kwenye ukuta wa mashariki wa kila nyumba kuota jua, mikono imeingizwa ndani ya mashati, mikono ya mashati inaning'inia mitupu. Mtu wa Ulaya angevua koti hapa. Lakini kichanga cha siku tano hakijui habari za Ulaya. Kimetoka kwenye joto la tumbo la mama yake, na mwili wake bado haujajifunza kujitengenezea joto la kutosha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika masomo yangu historia ndiyo ninayoipenda. Mwezi wa sita shule zimefungwa, kwa hiyo mwaka huu nilipata muda wa kukaa nyumbani, kuchanja kuni, kuchemsha maji ya kuogea, kuwaogesha wavulana wawili wanaolia kabla maji hayajawagusa, na kufikiri. Nilichofikiria ni hiki. Vitabu vinavyosimulia upande wetu wa Mpanda vimejaa wasafiri, wamisionari, madini ya risasi, reli na wakimbizi. Yote ni kweli na yote nayafundisha. Lakini sijakutana na ukurasa unaosema wavulana walilala wapi mdogo wao alipozaliwa wakati wa baridi. Na bila hilo, mimi nisingekuwepo kuandika.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mbende, na alifariki mwaka 2003. Ninayoyajua ya kale nimeyapata kwake, tukiota moto. Alisema mama yake alimbeba yeye kwa mbeleko ya ngozi ya mbuzi iliyosuguliwa mafuta hadi ikawa laini kama sikio. Nguo zilikuwepo, maana misafara ilipita. Mwezi Januari 1872 Stanley na Livingstone walikatiza nchi hii wakitoka Ziwa Tanganyika kwenda Unyanyembe, na nchi ya Wabende Stanley akaiita Ukawendi katika maandishi yake. Njiani walilipa kwa merikani na kaniki, zilizopimwa kwa shuka ya yadi 2 na doti ya yadi 4. Hadi leo mke wangu akiletewa zawadi ya uzazi anasema kaletewa doti ya kanga, na kipimo cha misafara kinatoka kinywani mwake bila yeye kukikumbuka. Ila nguo ya msafara ilikuwa mali, ya mahari na ya kodi ya njia. Mtoto hakufungwa mali. Alifungwa ngozi, akafungwa mgongoni, na mgongo ndio uliompa joto.

Nyumba ya wakati ule ilikuwa ya udongo na nyasi, na moto ulikaa katikati, juu ya mafiga matatu. Usiku haukuzimwa. Gogo la myombo lilisukumwa kidogo kidogo likiliwa na makaa hadi alfajiri, na moshi ulipenya kwenye nyasi za paa ukatoka taratibu. Bibi alinieleza kila mtu alilala wapi, na alichora kwa kijiti kwenye majivu. Mzazi na kichanga chake upande wa ukutani, moto mbele yao. Baba wa mtoto upande wa mlango. Halafu kijiti kikatoka nje ya duara, kikachora duara dogo pembeni: "Na wewe hapa." Wewe maana yake mtoto wa kiume aliyekuwa akilala na mama hadi jana.

Nilimuuliza kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi hivi na bado nilikuwa na kinyongo. Akanijibu kwa sababu mbili, na zote zilikuwa na uzito. Ya kwanza ni moto. Mtoto wa miaka mitatu hulala kama panzi, anaanza kichwa huku na kumalizia kichwa kule, na mama aliyechoka kwa uzazi hawezi kumlinda huyo asiingie kwenye makaa na papo hapo kumlinda kichanga asilaliwe. Ya pili ni ziwa. Aliyeachishwa akisikia harufu ya maziwa usiku kucha atalia usiku kucha. "Kitanda kimoja hakibebi watoto wawili wa ziwa," alisema bibi. Kwa hiyo anapelekwa kwa mtu ambaye naye usiku ana baridi, ambaye mifupa yake inahitaji joto la mtoto kama mtoto anavyohitaji la kwake. Bibi kizee na mvulana wa miaka mitatu ni majiko mawili yanayoota pamoja.

Na ili mtoto asione kafukuzwa, anaozwa. Utani wa bibi na mjukuu uko Tanzania nzima, kila mtu anaujua. Mimi naamini kazi yake kubwa ilikuwa hii hasa, kumpa cheo mtoto aliyenyang'anywa nafasi. Amepoteza kitanda cha mama, amepata mke.

Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kwa ajili ya malale. Watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika katika miombo, kaya tatu hapa, nne kule, walikusanywa kwenye makazi makubwa, na msitu ukafyekwa kuzunguka makazi hayo ili mbung'o wasisogee. Ugonjwa ulikuwa unaua, hilo halina ubishi. Lakini msitu uliosogezwa mbali ulikwenda na kuni zake. Bibi alizaliwa kwenye makazi hayo, na alikumbuka kwamba mama yake alikuwa akiondoka kabla ya jua kutafuta gogo la usiku mmoja. Mzazi wa siku kumi hawezi kwenda mwendo huo, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyekwenda. Anarudi na gogo kichwani, jioni anapokea wavulana.

Upande wa ziwani, Karema, White Fathers walikuwa wamefika tangu 1885, wakachukua boma ambalo Wabelgiji walilianzisha 1879. Mwaka 1889 akaja Adrien Atiman, katekista na tabibu, aliyeishi na kutibu watu hapo mpaka kifo chake mwaka 1956. Wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba alizaliwa mbali kabisa, upande wa Timbuktu, kwamba alitekwa akiwa mvulana mdogo na kuuzwa, kwamba wamisionari walimkomboa, na kwamba utabibu aliusomea Malta. Miaka 67 ya kuwahudumia watu wa ziwa hili. Kila ninapoifundisha habari yake nafikiria mvulana yule aliyeondolewa kwao akiwa wa umri wa wanangu, bila mlango wa pili wa kukimbilia.

Halafu kukaja risasi, na kwa ukoo wetu kukaja blanketi.

Mgodi wa Mpanda ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa ajili yake ilijengwa reli kutoka Kaliua, kilomita 210, iliyofika Mpanda mwaka 1950. Vijana walitoka kila upande kwenda kuchimba. Babu alikuwa mmoja wao. Baba yangu alizaliwa Julai 1954, na babu alirudi kumwona mtoto akiwa amebeba begani blanketi la kijivu lenye mistari miwili myekundu, limeshonwa ukingoni kwa uzi mweusi. Lilikuwa la kwanza katika nyumba yetu. Bibi alilieleza kama mtu anavyomweleza ndugu: zito, linawasha ngozi, na ukilinusa lina harufu ya duka, ya sabuni na mafuta ya taa pamoja.

Watu walikuja kulitazama. Kila mtu alitegemea kwamba litafunika kichanga. Bibi, akiwa mzazi wa wiki moja, alilikunja akampelekea mama mkwe wake.

Hiyo ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote alizonipa, na nilimlazimisha airudie mara nyingi. Babu alikasirika kidogo, alikuwa amelibeba kwa miguu toka Mpanda. Bibi akamwambia: "Huyu nina mwili wa kumfunika. Wale wawili kwa mama yako hawana." Wavulana wakubwa wawili, mmoja wa miaka sita na mmoja wa mitatu, walikuwa wanalala kwa yule mama mkwe kwenye mkeka, katika nyumba ambayo moto wake haukuwa na nguvu kwa kuwa mwenyewe alikuwa mzee mno kuchanja kuni. Kwa hesabu ya bibi, mahali penye upungufu wa joto hapakuwa kwa kichanga. Palikuwa kwa wale waliompisha kichanga.

Mgodi ulifungwa 1960, babu akarudi na kifua kilichochoka. Blanketi liliendelea.

Mwaka 1974 mambo mawili yalitukuta kwa pamoja. Mpanda ilitolewa mkoa wa Tabora ikaingizwa mkoa mpya wa Rukwa, na watu wakahamishiwa vijijini katika operesheni ya vijiji. La kwanza halikumpasha mtu joto wala baridi. Tumehama mikoa mara nyingine tangu hapo, mwaka 2012 tulipokuwa Katavi, na hatukubeba hata sufuria. La pili lilibeba kila kitu. Baba alikuwa na miaka 20, na alituambia waliacha mihogo ardhini na nyumba zikiwa wima. Kijijini viwanja vilipimwa kwa mistari, kila kaya na chake, na balozi wa nyumba kumi juu yao. Ulikuwa mpango wa kutuletea shule, maji na zahanati, na mimi nimesoma katika shule iliyotokana na mpango huo, siwezi kuukana. Ila waliopima viwanja walihesabu kaya, na katika hesabu yao mjane mzee alikuwa kaya peke yake. Mama mkwe wa bibi alipewa kiwanja mistari mitatu nyuma ya mwanawe.

Duara dogo pembeni ya duara kubwa likawa halipo tena. Mvulana wa miaka mitatu angevukaje mistari mitatu usiku, kwa giza, mbwa wakibweka? Wakati huo blanketi na wavulana vilikuwa huku, mzee kule, kwa hiyo bibi akachukua kisu akalikata katikati. Nusu ikaenda mstari wa nne, kwa mzee, aliyesisitiza kwamba vitukuu waendelee kwenda kwake hata ikibidi wabebwe. Nusu ikabaki. Baba alinionyesha njia waliyokuwa wakipita kuwapeleka watoto wa kaka yake, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na kijinga cha moto kikipungwa mbele kuwasha njia.

Zamu yangu ilifika Julai 1986. Nilikuwa na miaka minne. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye miaka ya dhiki, ile ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983, ya kukosa sabuni, sukari na nguo. Mama anasema wakati mimi nazaliwa, 1982, alinifunga kwa kipande cha shuka ya ndoa yake, kwa kuwa dukani hakukuwa na kitu cha kununua hata kwa mwenye pesa. Mitumba ilikuwa bado haijatufikia vizuri. Baba alitoboa gunia la katani matundu matatu, ya kichwa na mikono, likawa sweta langu, na ninakumbuka lilivyonichoma shingoni.

Mdogo wangu alizaliwa usiku. Asubuhi nilioneshwa kitu chekundu ndani ya kitenge, jioni nikaambiwa nakwenda kwa bibi. Bibi wakati huo alikuwa ameshajenga nyuma ya nyumba yetu. Baba alikuwa amekula kiapo kwamba viwanja vipimwe vipimwavyo, mama yake atakaa uani kwake. Kwa hiyo palikuwa karibu, lakini kwangu mimi palikuwa Kigoma.

Kwa bibi kulikuwa na harufu ya ugoro na ya viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu. Kulikuwa na kibatari ambacho alikizima kwa vidole, bila kupuliza. Kulikuwa na nusu ya blanketi la kijivu, limechakaa hadi kulitazama dhidi ya moto ni kama kutazama chandarua, mistari myekundu imegeuka rangi ya kutu. Aliniweka mbele yake, akachukua nyayo zangu zilizokuwa baridi kama mawe ya mtoni, akazibana kati ya mapaja yake. Alishtuka kwa baridi yake, nikamsikia akivuta pumzi kwa meno. Hakuzitoa.

Usiku wa tatu nilitoroka. Bibi alikuwa anakoroma. Nilivuka uwanja na gunia langu, nikasimama nje ya ukuta wa chumba cha mama. Niliona mstari wa mwanga wa moto chini ya mlango, nikasikia mtoto akinyonya, ile sauti ndogo ya kumeza, na mama akimwimbia wimbo ambao nilijua kuwa ni wangu. Sikubisha hodi. Nilisimama tu. Sijui nilisimama muda gani, ila vidole vya miguu viliacha kuuma, vikawa kama si vyangu. Kisha kitu chenye joto kilinifunika kutoka nyuma. Bibi hakusema neno. Alichutama, akanipandisha mgongoni, akanifunga kwa kanga yake kama kichanga, mimi mtoto wa miaka minne mwenye miguu inayoning'inia hadi magotini kwake, akatembea nami uwanjani akizunguka zunguka mpaka nikalala. Nilikaa kwake mpaka nikaanza darasa la kwanza. Mama alipotaka kunirudisha baada ya miezi miwili, nilikataa mimi.

Tuna jirani mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake waliingia kutoka Burundi mwaka 1972, na yeye alikulia makazi ya Mishamo, yaliyoanzishwa 1978. Ni mmoja wa wale zaidi ya 162,000 waliotangazwa kupewa uraia mwaka 2014, na aliolewa huku kwetu. Alipokuja kumsalimu mzazi mwaka huu, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, alimwona mwanangu akiburutwa na kaka yake kwenda kwa bibi. Akasema kwao, wakati wa kukimbia, waliokimbia walikuwa wenye miguu. Vikongwe wengi walibaki nyuma. Kwa hiyo mama yake alipozaa akiwa ugenini, wakubwa watatu na kichanga walilala naye wote kitanda kimoja, na mama alilala ameketi. Alisema hivyo tu, akakoroga uji. Nimeshasoma mengi kuhusu wakimbizi wa mkoa wetu, lakini mama anayelala ameketi sikuwahi kumsoma popote.

Sisi wa sasa tuna nyumba za matofali ya kuchoma na bati. Ni nyumba nzuri, hazivuji, hazishiki moto kwa cheche. Lakini bati usiku wa mwezi wa saba ni kama mfuniko wa barafu, na paa la nyasi lililokuwa likishika joto na kuachia moshi halipo. Hilo sikulielewa mpaka lilipotaka kuniulia mke. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Julai 2017. Nikiwa baba mpya mwenye mapenzi na asiyejua kitu, niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikaziba dirisha kwa gunia ili baridi isiingie, nikaona nimefanya kama mababu. Usiku wa manane mke wangu aliamka kichwa kinapasuka, anatapika, hawezi kusimama. Mtoto alikuwa amelegea. Niliwatoa nje mmoja mmoja, nikawalaza uwanjani kwenye baridi ile ile niliyokuwa nikiikimbia, na hewa ndiyo iliyowaponya. Mkunga alinieleza kesho yake: moshi wa kuni unauona na unakohoa, utakimbia. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi. Mababu hawakuwahi kulala na mkaa kwenye nyumba isiyopumua.

Mama alipopata habari alikaa kimya, halafu akauliza: "Mimi sikuwepo?"

Mtoto wa pili, huyu anayegoma, alizaliwa Aprili 2022 kabla ya wakati wake, kilo 1.9. Hapo zahanati haikuniachia nafasi ya kubuni. Mkunga aliniambia nivue shati. Akamweka mtoto juu ya kifua changu, uchi, kofia na nepi tu, akatufunga pamoja kwa kitenge cha mke wangu, akasema mama apumzike, baba ashike zamu. Wanaita kangaruu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, na madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez, kwa sababu hospitali yao haikuwa na mashine za kutosha za kuwapa joto watoto njiti. Alitukataza pia kumwogesha kwa haraka, na Shirika la Afya Duniani nalo linasema kichanga chochote kisubiri angalau saa 24. Nilikaa hivyo usiku na mchana kwa zamu, moyo wake unapiga mbio juu ya wangu. Mama yangu alitutazama siku nzima. Jioni alisema kwamba hao Wakolombia wamegundua mgongo, ila wameuhamishia mbele. Na akamchukua kaka mtu na mashuka yake, bila kuulizwa.

Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Nimeisoma mara kadhaa kwa kazi ya chama chetu cha walimu. Bibi hayumo. Ningependa siku moja awemo, hata kwa mstari mmoja, maana kila mzazi niliyemjua hapa aliyelala usiku wa baridi na kichanga chake kwa utulivu, alilala hivyo kwa sababu upande wa pili wa uwanja kulikuwa na mwanamke mzee amewabana wakubwa.

Kipande cha mwisho cha blanketi la kijivu mama alikifanya ngata. Alibebea maji ya kufyatulia matofali ya nyumba hii, mwaka 2009, mpaka kikaisha nyuzi.

Asubuhi ya tarehe 10 nilivuka uwanja kabla jua halijatoka. Mkubwa alikuwa ameshaamka, amekaa jikoni kwa bibi anapuliza moto, macho mekundu kwa moshi, anajisikia mtu mzima. Ndani mama alikuwa bado amelala na yule mdogo. Nyayo zake zilikuwa zimebanwa mahali pale pale zangu zilipokuwa zikibanwa. Nilisema shikamoo kwa sauti ya chini. Akaitika bila kufungua macho, akaniambia mume wake alilia kidogo saa nane, akataka kurudi kwa mama yake, akasimama mlangoni.

"Ukamfungulia?"

"Nilimbeba."

Nilikaa kwenye kigoda. Sijui kwa nini nilimuuliza siku ile, miaka yote sikuwahi. Nilimuuliza kama anakumbuka mimi kusimama nje ya ukuta wake, mwaka ule wa mdogo wangu.

Alifungua macho. "Nilikusikia," alisema. "Nilisikia meno yako. Mkono ulikuwa kwenye komeo." Akanyamaza akipapasa kichwa cha mtoto. "Nikasikia na nyayo za mama mkwe zinakuja. Nikauondoa."

Nje mkubwa aliita kwamba uji unachemka na bibi aje aonje sukari. Mama akachomoa nyayo za mtoto taratibu, moja moja, akazifunika kwa blanketi, akafunga kanga yake. Alipopita mlangoni aliniambia kuni nilizomletea jana ni mbichi, zinatoa moshi tu, nikamtafutie kavu kabla ya jioni.